Kina, Mkato na Nafsi: Uchambuzi wa Kimuundo wa Ushairi wa Kizalendo wa Kitagalogi

Ikisiri

Ushairi wa kizalendo huhakikiwa mara nyingi kwa kuangalia dhamira, huku umbo likichukuliwa kuwa chombo tu cha kubebea ujumbe. Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa kuchambua muundo wa mashairi ya kizalendo ya Kitagalogi yaliyotungwa nchini Ufilipino kati ya mwaka 1888 na 1930. Kwa kutumia mkabala wa kimuundo, makala yanachunguza vipengele vitatu: tabaka la kina, mkato wa katikati ya mshororo, na nafsi ya msemaji na msemeshwa. Inaonyeshwa kwamba vipengele hivi hujenga hoja ya kisiasa ambayo haipatikani katika muhtasari wa maudhui. Aidha, inaelezwa kwamba hoja hiyo ndiyo hupotea kwanza shairi linaposomwa kwa tafsiri pekee. Istilahi za arudhi ya Kiswahili zinatumika kama zana ya uchambuzi, na pale zinaposhindwa, kushindwa kwake kunafafanuliwa.

1.0 Utangulizi

Mhakiki anapokabiliwa na shairi la kizalendo hushawishika kuuliza swali moja tu: linasema nini kuhusu nchi? Jibu hupatikana upesi. Shairi linaisifu nchi, linalaani mkoloni, linahimiza umma kujitoa mhanga. Kwa kuwa majibu hayo yanafanana kutoka bara moja hadi jingine, ushairi wa aina hii huonekana kuwa na sauti kubwa na fikra chache. Hukumu hiyo hutokana na swali lenyewe. Swali lenye tija zaidi ni hili: shairi linafanyaje kazi ya kumfanya msikilizaji aione nchi kuwa kitu cha kufiwa, cha kudaiwa au cha kuagwa?

Ufilipino inatoa mfano unaofaa kwa swali hili. Visiwa hivyo vilitawaliwa na Hispania kwa zaidi ya karne tatu hadi mwaka 1898, kisha vikatwaliwa na Marekani hadi uhuru wa mwaka 1946. Katika kipindi hicho washairi wa Kitagalogi walitunga kwa kufuata kanuni kali za mizani na vina, na mashairi yao yalishiriki moja kwa moja katika harakati za ukombozi. Andres Bonifacio, mmoja wa waasisi wa chama cha siri cha Katipunan kilichoundwa tarehe 7 Julai 1892, alikuwa kiongozi wa mapambano na mshairi kwa wakati mmoja.

Ni muhimu kubainisha mipaka ya mada. Ufilipino ina lugha nyingi zenye fasihi zake, zikiwamo Kisebuano na Kiilokano. Kitagalogi kiliteuliwa kuwa msingi wa lugha ya taifa mwaka 1937, na Katiba ya mwaka 1987 inaitambua lugha hiyo ya taifa kwa jina la Kifilipino. Yanayosemwa hapa yanahusu mapokeo ya Kitagalogi na hayapaswi kuchukuliwa kuwa kanuni ya ushairi wote wa nchi hiyo.

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Makala haya yanaongozwa na wazo la Roman Jakobson, alilolifafanua mwaka 1960, kwamba lugha ya kishairi huhamisha kanuni ya ulinganifu kutoka mhimili wa uteuzi kwenda mhimili wa mfuatano. Katika mazungumzo ya kawaida, maneno yanayolingana ni yale ambayo msemaji huchagua mojawapo na kuacha mengine. Katika ushairi, maneno hayo huwekwa pamoja, yakafuatana kwa nafasi, kwa mapigo na kwa sauti. Matokeo yake ni kwamba maneno mawili yakishiriki kina, msikilizaji hulazimika kuyapima kimaana pia, ama kwa kufanana ama kwa kukinzana.

Mkabala huu umelaumiwa kwa kulitenga shairi na historia yake. Lawama hiyo ina uzito pale mchambuzi anapoishia katika kuhesabu mizani. Hata hivyo, kanuni za utunzi zenyewe ni zao la historia, na mshairi anayezitumia huzungumza na wote waliozitumia kabla yake. Kwa hiyo, uchambuzi ufuatao unaanza na umbo na kulifuatilia hadi pale linapogusa siasa.

3.0 Arudhi ya Kitagalogi

3.1 Mizani na bahari

Mapokeo ya Kitagalogi yana bahari kadhaa zinazotofautishwa kwa idadi ya mizani. Tanaga ina mishororo minne yenye mizani 7 kila mmoja. Dalit ina mishororo minne ya mizani 8. Pasyon, utenzi wa kidini unaosimulia mateso ya Yesu, hutungwa kwa beti za mishororo mitano ya mizani 8. Mwanahistoria Reynaldo Ileto alionyesha mwaka 1979 jinsi pasyon ilivyowapa watu wa kawaida lugha ya kuyafikiria mapinduzi.

Bahari iliyotawala ushairi wa kizalendo wa karne ya 19 ni awit. Ubeti wake una mishororo minne. Kila mshororo una mizani 12 inayogawanywa na mkato katika vipande viwili vya mizani 6. Mishororo yote minne hushiriki kina kimoja cha mwisho. Kielelezo chake kikuu ni *Florante at Laura* ya Francisco Balagtas, iliyotoka mwaka 1838. Hadithi yake imewekwa Albania, lakini wasomaji wengi wameielewa kuwa istiari ya nchi inayoteswa na watawala wake. Kwa hiyo, hata kabla ya kizazi cha wanamapinduzi, awit ilikuwa imezoeleka kubeba maana mbili kwa wakati mmoja.

Kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili, mgawanyo huu si mgeni. Mshororo wa awit una ukwapi na utao kama ulivyo mshororo wa shairi la mizani 16, isipokuwa awit haidai vina vya kati. Mkato wake ni wa pumzi na sintaksia, wala hautiwi muhuri wa sauti.

3.2 Vina

Tofauti kubwa imo katika vina. Katika arudhi ya Kiswahili iliyofafanuliwa na Amri Abedi mwaka 1954, kina ni silabi inayorudiwa, yaani konsonanti pamoja na irabu yake. Kitagalogi kina silabi nyingi funge, na kanuni yake inahusu irabu ya mwisho pamoja na kile kinachoifuata. José Rizal alizungumzia utunzi huo katika mada aliyoiwasilisha Berlin kwa Kijerumani mwaka 1887. Kanuni za jadi zinaweza kufupishwa katika matabaka manne, yakionyeshwa hapa kwa irabu *a*:

(a) Irabu huru: *ina* (mama), *pag-asa* (matumaini), *umaga* (asubuhi).

(b) Irabu inayofungwa na kipasuo cha glota, sauti inayokaribiana na hamza ya Kiarabu: *lupa* (ardhi), *luha* (chozi), *laya* (uhuru), *wala* (hakuna).

(c) Irabu inayofuatwa na konsonanti "nguvu", yaani vipasuo *b, d, g, k, p, t* pamoja na kikwamizi *s*: *anak* (mtoto), *hirap* (taabu), *lakas* (nguvu), *wakas* (mwisho), *watawat* (bendera).

(d) Irabu inayofuatwa na konsonanti "dhaifu", yaani nazali, kitambaza *l*, kimadende *r* na viyeyusho *w* na *y*: *bayan* (nchi, umma), *buhay* (uhai), *araw* (jua, siku), *dangal* (heshima), *paalam* (kwaheri).

Maneno ya tabaka moja huruhusiwa kufungamana kwa kina hata kama konsonanti zao si zilezile. Maneno ya matabaka tofauti hayaruhusiwi. Mgawanyo huu si wa kubuni tu. Tabaka (c) ni vizuiwa na tabaka (d) ni sonoranti, makundi asilia ambayo fonolojia huyatambua katika lugha nyingi.

Tabaka (b) linahitaji maelezo zaidi. Kipasuo cha glota hutofautisha maana katika Kitagalogi, ingawa tahajia ya kawaida haikiandiki. Katika matamshi ya Manila, kipasuo hicho kikiwa mwishoni mwa neno hudondoka neno linapofuatwa na jingine ndani ya usemi, na hubaki mbele ya kituo. Mwisho wa mshororo ni kituo. Maana yake ni kwamba sauti inayofifia katikati ya usemi husikika kikamilifu pale hasa kina kinapokaa. Msomaji anayetazama herufi pekee ataona *ina* na *lupa* zikiishia kwa *a* na kudhani zina kina kimoja. Sikio la mapokeo husikia vina viwili.

4.0 Uchambuzi

4.1 Msamiati wa nchi na matabaka ya vina

Mgawanyo uliotangulia una athari kwa mshairi wa kizalendo. Neno *bayan*, ambalo hubeba maana za mji, umma na nchi, limo katika tabaka (d). Katika tabaka hilohilo yamo maneno ya uhai, jua, heshima na kuaga. Isitoshe, Kitagalogi huunda nomino nyingi dhahania kwa kuambatisha *ka-* mwanzoni na *-an* mwishoni: *kalayaan* (hali ya uhuru), *kamatayan* (kifo), *kapayapaan* (amani). Mofolojia yenyewe humpa mshairi hazina kubwa ya vina vya *bayan*, kama kiambishi cha mahali *-ni* kinavyomrahisishia mshairi wa Kiswahili.

Kinyume chake, *ina* na *lupa* haviwezi kufungamana kwa kina katika utunzi wa jadi, ingawa dhana ya nchi kama mama ni nguzo ya uzalendo wa Kitagalogi. Mshairi anayetaka kuunganisha mama na ardhi hawezi kuachia kina kifanye kazi hiyo. Analazimika kutumia tashihisi, wito au sintaksia. Hii ni sababu mojawapo inayoweza kueleza kwa nini umama wa nchi katika mashairi haya hujitokeza zaidi katika namna ya kuita kuliko katika miisho ya mishororo.

Shairi la *Pag-ibig sa Tinubuang Lupa* (Upendo kwa Ardhi ya Kuzaliwa), linalonasibishwa na Bonifacio na lililochapishwa mwaka 1896 katika *Kalayaan*, gazeti la Katipunan, linaonyesha jinsi tabaka la kina linavyojenga hoja. Ubeti wa kwanza unauliza kwa balagha kama kuna upendo unaozidi ule wa ardhi ya kuzaliwa, kisha unajijibu. Mishororo yote minne inaishia kwa kipasuo cha glota. Mshororo wa tatu unaishia kwa *lupa*, na wa nne, wenye jibu, unaishia kwa *wala*. Ardhi na ukanusho vinafungwa kwa mlio mmoja. Kimaudhui, ubeti unasema kwamba hakuna upendo mkubwa zaidi. Kimuundo, neno la ardhi linatangulia na neno la "hakuna" linalifungia mlango, na sauti inayolifungia ni ile inayokata pumzi.

4.2 Malalamiko matatu: nafsi na tendo la usemi

Mashairi matatu ya awit yanaunda mnyororo mmoja. La kwanza ni *Hibik ng Pilipinas sa Inang Espanya* (Kilio cha Ufilipino kwa Mama Hispania) la Hermenegildo Flores, 1888. La pili ni jibu la Marcelo H. del Pilar, *Sagot ng Espanya sa Hibik ng Pilipinas*, 1889. La tatu ni *Katapusang Hibik ng Pilipinas* (Kilio cha Mwisho cha Ufilipino), linalonasibishwa na Bonifacio, 1896. Utaratibu wa mashairi kujibizana kwa bahari ileile unafahamika katika mwambao wa Afrika Mashariki tangu enzi za Muyaka bin Haji. Hapa, hata hivyo, wanaojibizana si washairi wenyewe. Ni nchi mbili zilizopewa sauti za binti na mama.

Katika shairi la Flores, binti anamshtakia mama yake dhuluma za watawa wa Kikatoliki waliomiliki ardhi na kutoza watu. Tendo la usemi ni ombi, na ombi hukubali kwamba anayeombwa ana mamlaka na huruma. Del Pilar anamgeuza msemeshwa kuwa msemaji: mama anajibu kwamba yeye mwenyewe amedhoofishwa na watawa haohao na hana uwezo wa kuokoa. Jibu hili halitangazi uasi, ila linauondoa msingi wa ombi. Mama asiyeweza haombwi tena.

Bonifacio anarejea kwenye mpangilio wa Flores, binti akimsemesha mama, lakini anabadili tendo la usemi. Ombi linakuwa tangazo. Sarufi ya nafsi inalisaidia badiliko hilo kwa namna ambayo Kiswahili hakiwezi kuionyesha kwa kiwakilishi kimoja. Kitagalogi kina "sisi" mbili: *tayo*, inayomjumuisha msemeshwa, na *kami*, inayomwacha nje. Binti anapomwambia mama kwamba "sisi" si wako tena, anatumia *kami*. Utengano umekwisha kufanyika katika kiwakilishi kabla ya kiarifu kuutangaza.

Ubeti wa mwisho ni kilele cha muundo. Neno *paalam* linaanza kila mshororo, na katika kila mshororo kishazi cha kuaga kinajaza mizani 6 za ukwapi bila kupungua wala kuzidi. Utao unabaki na kazi ya kusema nani anayeaga, katika hali gani, anamwaga mama wa namna gani, na kwamba huu ndio wito wa mwisho. Mkato unakuwa mpaka kati ya tendo la kuaga na sababu zake. Vina vyake ni vya tabaka (c): jina *Pilipinas*, *hirap* (taabu), *habag* (huruma) na *tawag* (wito). Jina la nchi, ambalo asili yake ni jina la Mfalme Felipe II wa Hispania, linafungamanishwa kwa sauti na taabu na na huruma ambayo mama hana. Haimaanishi kwamba tabaka (c) ni la huzuni kwa asili yake. *Lakas* nalo limo humo. Mshairi amechagua, na uchaguzi wake unasikika kwa kuwa kanuni ilimwekea mipaka.

4.3 Maagano mawili ya mwaka 1896

Mwaka huohuo uliandikwa uagano mwingine. Kabla ya kupigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896, Rizal aliacha shairi la Kihispania lisilo na kichwa ambalo baadaye lilijulikana kama *Mi último adiós*. Lina beti 14 za mishororo mitano; kila mshororo una mizani 14 kwa hesabu ya Kihispania, na vina vinapishana kwa mpangilio wa abaab. Hapa mtu binafsi anaiaga nchi yake. Katika *Katapusang Hibik* nchi inamwaga mkoloni wake. Tendo ni lilelile, lakini nafasi za msemaji na msemeshwa ni tofauti kabisa: kwa Rizal anayeaga ndiye anayekufa, kwa Bonifacio anayeaga ndiye anayeanza kuishi.

Tafsiri ya Kitagalogi ya shairi la Rizal, inayonasibishwa na Bonifacio, ni ushahidi mzuri wa nguvu ya umbo. Mfasiri hakuhifadhi ubeti wa mishororo mitano wala vina vinavyopishana. Alilihamishia shairi katika awit: mishororo minne, mizani 12, kina kimoja. *Patria* ya Kihispania, neno lenye mzizi wa "baba", ikawa *bayan*, neno la umma na makazi. Ubeti wa kwanza wa tafsiri una kina cha tabaka (d), ambamo kuaga, jua na Mashariki vinakutana kwa sauti moja. Uagano wa mtu mmoja uliingizwa katika bahari ambayo umma ulikuwa umezoea kuisikia, na hivyo ukapata msikilizaji mwingine. Kuiita tafsiri hiyo isiyo aminifu kwa sababu imeacha umbo la awali ni kupuuza kwamba kuacha umbo kulikuwa sehemu ya kazi yake.

4.4 Kilio chini ya bendera nyingine

Mwaka 1930, Ufilipino ikiwa chini ya Marekani, Amado V. Hernandez alitunga *Kung Tuyo na ang Luha Mo, Aking Bayan* (Machozi Yako Yakikauka, Nchi Yangu). Shairi hili linaanza na ubeti wa mishororo sita yenye mizani 16 inayogawanyika 8 kwa 8, kipimo kilekile cha shairi la Kiswahili, kwa kina kimoja cha mwisho. Ubeti huo unakumbusha tarehe 13 Agosti, siku ambayo Manila ilianguka mikononi mwa Wamarekani mwaka 1898.

Mkato hapa unafanya kazi mpya. Katika mishororo miwili inayofuatana, nomino moja inatokea mara mbili, mara moja kila upande: bendera yako katika ukwapi, bendera ya mgeni katika utao, lugha uliyorithi katika ukwapi, lugha nyingine inayoitawala katika utao. Kipande cha pili kinakilalia cha kwanza kama mamlaka ya kigeni inavyoilalia nchi. Ulinganifu wa mizani, 8 kwa 8, unadai usawa, maana inaukanusha. Mgongano kati ya usawa wa kipimo na ukosefu wa usawa wa maana ndio hoja ya ubeti.

Mpito wa shairi unabebwa na kitenzi. Mwanzoni nchi inaamriwa ilie. Ubeti wa mwisho unaacha amri na kuingia katika njeo ya mambo yatakayokuja: siku itafika ambapo kitakachotiririka machoni si machozi bali moto. Kauli hiyo haikamiliki mwishoni mwa mshororo. Inavuka kwenda mshororo unaofuata, ukawa mshata mahali ambapo maana inazungumzia kufurika. Wakati huohuo, beti za kwanza na za mwisho zote zina vina vya kipasuo cha glota, ile ya kwanza kwa irabu *a* na ya mwisho kwa irabu *o*. Mkazo wa sauti unabaki uleule huku tendo likigeuka kutoka kulia hadi kukata minyororo. Msikilizaji haambiwi kwamba hasira imechukua nafasi ya huzuni. Anasikia kuwa zote mbili zilikuwa na mlio mmoja tangu mwanzo.

5.0 Mjadala

Uchambuzi huu una matokeo mawili kwa uhakiki na ufundishaji. Kwanza, istilahi za arudhi ya Kiswahili zimefaa sana katika kueleza mizani na mkato, lakini dhana ya kina kama silabi inayorudiwa haitoshi. Kina cha Kitagalogi ni ulinganifu wa tabaka la sauti. Uhakiki linganishi unahitaji fasili pana zaidi, ambayo kwayo kina cha Kiswahili kitakuwa aina mojawapo tu. Pili, mwanafunzi anayesoma mashairi haya kwa Kiingereza hupata mama, machozi na minyororo, lakini hapati *kami* inayomtenga mama, wala mizani 6 zinazojazwa na kuaga, wala kipasuo kinachofunga ardhi na "hakuna". Akihitimisha kwamba mashairi hayo ni ya kaulimbiu, atakuwa amehukumu tafsiri.

Mipaka ya mkabala nayo ianishwe. Mwaka 1940 Alejandro G. Abadilla alichapisha *Ako ang Daigdig*, shairi huru lililokataa mizani na vina vya jadi. Baada yake, ushairi wa kizalendo usiofuata arudhi unahitaji kupimwa kwa zana nyingine, hasa za sintaksia na mpangilio wa kurasa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika ushairi wa kizalendo wa Kitagalogi kina huamua ni maneno gani yanaweza kukutana, mkato huchora mpaka kati ya chetu na chao, na nafsi hutenda utengano ambao maudhui huutangaza tu. Washairi walirithi bahari iliyokomaa wakati wa ukoloni wa Hispania na kuitumia kuukana ukoloni huo. Hawakuhitaji kuivunja ili kuifanya yao. Walihitaji kuijua kwa ukamilifu. Uhakiki wa ushairi wa kizalendo, wa Ufilipino au wa kwingineko, unapaswa kuanzia hapo: kuhesabu, kusikiliza, kisha ndipo kuuliza shairi linasema nini.